Pula ya Chama

"Wanachama wote wa Chama cha Mafundi Tujaliane, Soko la Nyansiongo, mnajulishwa rasmi kwamba kuanzia Jumatatu ijayo kalamu itumikayo kutia sahihi katika daftari la kukodi vifaa itakuwa ya wino wa buluu badala ya wino mweusi. Kalamu hiyo itafungwa mezani kwa uzi usiozidi sentimita arobaini. Mwanachama yeyote atakayeikata, atakayeihamisha au atakayeitumia kwa shughuli zisizo za chama atachukuliwa hatua. Kwa amri ya Kamati Kuu."

Tangazo hilo lilibandikwa Ijumaa asubuhi kwenye mlango wa stoo, likapigwa mihuri miwili, mmoja juu na mmoja chini, kana kwamba mhuri mmoja ungeweza kutiliwa shaka. Drusilla Nyanchama, fundi wa usukani, alilisoma huku akijifuta grisi mikononi. Alilisoma lote mara mbili, akitafuta neno "ufa", asilione. Wiki tatu zilizopita alikuwa ameiandikia kamati barua kuieleza kwamba taya moja ya pula ya chama ilikuwa imepata ufa. Tangu siku hiyo kamati ilikuwa imekutana mara mbili. Sasa alijua ilikuwa ikijadili nini.

Pula si kifaa cha ajabu. Ni taya mbili za chuma na bolti nene katikati yake. Katika pikapu nyingi za zamani, usukani huishia kwenye kisanduku cha gia, na chini ya kisanduku hicho huning'inia mkono wa chuma unaoyageuza magurudumu kushoto na kulia. Mkono huo umekazwa kwenye meno ya mhimili kwa nguvu ambayo hakuna binadamu awezaye kuishinda kwa kuvuta. Anayetaka kuutoa ana njia mbili. Ya kwanza ni kuukamata kwa taya za pula na kuikaza bolti taratibu mpaka mkono uachie wenyewe. Ya pili ni nyundo. Nyundo nayo huutoa mkono, ila kila pigo hupanda hadi ndani ya kisanduku na kuviharibu vile vitu ambavyo fundi amelipwa avitengeneze. Nusu ya magari yaliyomfikia Drusilla yalikuwa yamekwisha kutengenezwa kwa nyundo.

Miaka minne nyuma, mafundi kumi na tisa wa Nyansiongo walichanga wakanunua pula moja. Hoja ilikuwa ya busara: kifaa anachokihitaji mtu mara moja kwa wiki hakina haja ya kununuliwa na kila mtu. Palichinjwa mbuzi, utepe ukakatwa, na chuma chenye uzito wa kilo mbili kikaombewa sala ndefu kuliko zile wanazoombewa maharusi. Chama kingekikodisha kwa wanachama, na mapato yangeingia katika mfuko wa misiba. Mfuko ulinawiri. Drusilla peke yake alikodi zaidi ya mara mia moja. Hapo ndipo busara ilipoanza kuoza, kwa sababu kifaa kilichonunuliwa ili kiwasaidie mafundi kiligeuka kuwa mzee wa kulishwa na mafundi. Kamati ikatunga Kifungu cha Kumi na Nne: hakuna mwanachama atakayemiliki kifaa kinachofanana na kile kinachokodishwa na chama. Atakayekiuka atapoteza uanachama. Na kwa kuwa vibanda vyote vya uwanja ule vilikuwa vimepangwa kwa jina la chama, atakayepoteza uanachama atapoteza na kibanda.

Kisha likaja suala la siku. Wasabato walitaka pula isitoke stoo tangu Ijumaa alasiri hadi jua la Jumamosi lizame. Wakatoliki, walipoona kwamba Jumapili ingewapa Wasabato siku ya ziada ya kazi, wakadai usawa. Kwamba Mkatoliki angeweza kushika ufunguo wa stoo Jumamosi, na Msabato akaushika Jumapili, ni wazo lililotajwa na mtu mmoja, akatazamwa vibaya na pande zote mbili, akaketi. Kila upande ulikuwa radhi kuipoteza siku yake mradi mwenzake asiifaidi. Stoo ikawa inafungwa Ijumaa na kufunguliwa Jumatatu, na kura ikapita bila pingamizi. Drusilla, Msabato wa kuzaliwa na mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, aliinua mkono pamoja na wengine. Kati ya yote yaliyomkasirisha katika chama kile, hilo ndilo lililomchoma zaidi kila alipolikumbuka.

Ijumaa ileile, saa nane na nusu mchana, Andrew Mose aliileta pikapu yake. Andrew alikuwa akikusanya maziwa katika mashamba ya Borabu na kuyateremsha Kisii kila alfajiri.

"Mama Bravin, hii gari imeanza kiburi," alimwambia Drusilla akishuka, akimwita kwa jina la mwanawe. "Nikikata kulia, inafikiria kwanza. Nikikata kushoto inakubali, halafu inabadilisha mawazo."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Wacha nisikudanganye. Tangu wiki jana."

"Na umekuwa ukiteremka nayo Kisii."

"Maziwa hayateremki yenyewe, mama."

Drusilla alilala chini ya pikapu akaushika ule mkono. Ulicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Mafuta yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye kisanduku, na ndani yake beringi zilikuwa zimekwisha. Ilikuwa kazi ya saa tatu kwa fundi mwenye pula. Alitoka akajipangusa mgongo.

"Hii haiendi popote," alisema.

"Kesho naweza kuazima gari la shemeji," alisema Andrew. "Lakini Jumapili shemeji ana harusi Nyamarambe. Jumapili lazima niwe na yangu. Wakikosa maziwa mara moja tu pale Kisii, wanampa mtu mwingine hiyo njia."

Drusilla aliuvuka uwanja hadi stoo. Mtunza stoo, Josiah Ochoki, shemasi wa kanisa lake mwenyewe, alikuwa ameketi mlangoni akisoma somo la Sabato.

"Tata Ochoki, naomba pula," alisema, akimwita baba kwa Kikisii.

"Saa ngapi sasa, Mama Bravin?"

"Saa tisa na dakika ishirini."

"Basi umejijibu."

"Sheria inasema irudi saa kumi. Niandikie sasa, nitoe ule mkono, nikurudishie kabla ya saa kumi."

"Sheria inasema irudi saa kumi ikiwa imeoshwa, imekaguliwa na imetiwa sahihi. Kuosha ni robo saa. Kukagua ni robo saa. Ndiyo maana mwisho wa kutoa ni saa tisa."

"Kumbe inakaguliwa. Basi ule ufa mmeuona."

Ochoki alikifunga kitabu, kidole chake kikabaki ndani. "Ufa umeandikwa."

"Umeandikwa wapi?"

"Kwenye daftari. Kila wiki tunaandika: ufa, kama hapo awali."

Drusilla alihesabu pumzi zake, kama alivyofanya kila mara alipokuwa chini ya gari na bolti ikakataa. "Hilo gari ni la maziwa. Jumapili litateremka Kisii na lita mia nane mgongoni na usukani uliolegea. Mwezi jana ulituhubiria habari za ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato. Ulisema atolewe."

"Ng'ombe," alisema Ochoki. "Pikapu haikutajwa."

"Na Jumapili? Jumapili si yako."

"Jumapili ni ya Wakatoliki. Muulize mwenyekiti."

Alimpigia simu mwenyekiti, Machogu, muuza matairi. Machogu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Alisema Jumapili ni siku ya Bwana. Na hata isingekuwa, kuifungua stoo Jumapili ilhali imefungwa Jumamosi kungekuwa kuwaonea ndugu zake Wasabato, watu anaowaheshimu sana. Akamtakia Sabato njema.

Aliporudi, Andrew alikuwa ameisoma sura yake.

"Si kuna nyundo pale?"

"Iko."

"Basi?"

"Nikiipiga nyundo, Jumapili utateremka na kisanduku kilichovunjika ndani, halafu uwe umenilipa kwa kukivunja."

"Basi nipe ufunguo. Nitaenda polepole."

"Polepole ni habari ya breki. Mimi naongea habari ya usukani." Akautia ufunguo katika mfuko wa ovaroli na kuufunga zipu. "Hasira yako nitaibeba. Jeneza lako sitaki."

Andrew alikubali kwa mguno na kwenda zake kumtafuta shemeji.

Jumamosi asubuhi, waumini walipokuwa wakielekea kanisani na mavazi yao meupe, Drusilla alipita kwenye lango la kanisa akiwa na viatu vya kazi na mkoba mtupu. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Alisikia mahali ambapo sauti ya pili ilipaswa kuingia, na pengo lililobaki hapo. Hakusimama. Hakuwa amewahi kununua hata chumvi siku ya Sabato katika miaka arobaini na mmoja ya uhai wake, na hakujidanganya kwamba alilokuwa akilifanya lilikuwa jambo jingine. Alikuwa akienda kuivunja amri kwa ajili ya kipande cha chuma, na waliomsukuma kuivunja walikuwa wameketi mstari wa mbele wakifungua nyimbo.

Mjini Kisii, muuzaji wa vipuri aitwaye Omosa aliiweka pula mpya juu ya kaunta. Ilikuwa nzito, yenye mafuta ya kiwandani, na taya zake zilikutana bila kuacha hata nafasi ya wembe. Drusilla aliuliza bei. Ilikuwa sawa na ada ya kuikodi ile ya chama mara kumi na tatu.

"Wewe ni fundi wa usukani?" aliuliza Omosa.

"Miaka kumi na minane."

"Na hujawahi kununua hii?"

"Nimeinunua mara nane," alisema Drusilla. "Hii ndiyo ya kwanza kupewa."

Omosa hakuelewa, na Drusilla hakuona sababu ya kumweleza mtu wa Kisii mambo ambayo watu wa Nyansiongo wenyewe walikuwa wamekataa kuyaelewa.

Saa nane alikuwa chini ya pikapu. Uwanja ulikuwa kimya. Vibanda vya Wasabato vilikuwa vimefungwa, na mafundi Wakatoliki watatu walikuwa wakicheza drafti, jicho moja kwenye ubao na jingine kwake. Alizikamatisha taya, akaikaza bolti robo mzunguko, akangoja, akaongeza robo. Mkono uliachia kwa mlio mmoja mkavu. Alitazama saa. Tangu aanze zilikuwa zimepita dakika kumi na moja. Alikuwa ametarajia kufurahi, lakini hasira ndiyo iliyokuja, mpya na safi kuliko ile ya jana, kwa sababu sasa ilikuwa na kipimo. Dakika kumi na moja ndizo zilizokuwa zimemtoa kwaya, zikakaribia kumtoa Andrew barabarani, na kwa miaka zikawatoa wateja wake kila Ijumaa kwenda kwa wenye nyundo.

Alibadilisha beringi na sili ya kuzuia mafuta, akafunga, akajaza mafuta. Jua lilipokuwa likizama Andrew alikuja, akaizungusha pikapu uwanjani mara tatu, kulia na kushoto, akasimama mbele yake.

"Kiburi kimeisha," alisema. "Sasa inajibu kabla sijauliza."

Jumapili maziwa yalifika Kisii. Jumatatu, barua ilifika kwa Drusilla. Aliileta Purity, katibu wa chama, kwa mikono yote miwili, kama mtu anayepeleka sahani ya moto.

"Usinikasirikie mimi, Mama Bravin. Mimi naandika tu."

"Najua. Hata ule ufa uliandikwa tu."

Barua ilimwita mbele ya kikao maalumu siku ya Jumanne, kujibu shtaka la kumiliki kifaa kinachofanana na kile cha chama, kinyume cha Kifungu cha Kumi na Nne. Ilimkumbusha, kwa sentensi iliyopigiwa mstari, kwamba kibanda chake kilikuwa cha chama.

Kikao kilifanyika ndani ya banda la matairi. Wanachama wote kumi na tisa walikuwepo, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata wakati wa kujadili choo cha uwanja. Machogu alifungua kwa kusema kwamba hawakuwa pale kumhukumu mtu. Kisha akasoma shtaka.

Drusilla alisimama. Aliziweka pula mbili mezani, yake na ile ya chama, ambayo Ochoki alikuwa amelazimika kuileta kama kielelezo. Alichukua barua ya wito, akaikunja, akaiingiza pembe yake katika ufa wa pula ya chama. Akaiachia. Barua ilisimama wima.

"Barua imeingia," alisema. "Mwanzoni ilikuwa inaingia kucha tu. Hii taya ikikatika mtu akiwa amelala chini yake na bolti imekazwa, itamfuata usoni. Niliwaandikia. Mkanijibu habari za kalamu."

Ratemo, fundi wa breki, ambaye hakuwahi kukiachia kimya kidumu, alisema kutoka nyuma, "Sema tu umekuwa kampuni, mama. Kesho utatukodisha sisi wenyewe."

Wengine walicheka. Drusilla alingoja wamalize. "Wewe Ratemo umeikodi lini mara ya mwisho?"

"Mwaka jana."

"Kwa nini hukuikodi tena?"

Ratemo alikuna shingo. "Ile pula mimi naiogopa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Machogu aligonga meza kwa kidole kimoja. "Mama Bravin, tuongee kama watu wa nyumba moja. Februari tulimzika baba mkwe wako. Jeneza lilinunuliwa na nani?"

"Na chama."

"Na gari la kumtoa mochari?"

"Na chama."

"Na mfuko wa chama unajazwa na nini?"

Ilikuwa kweli, na ukweli ule ulimuuma Drusilla zaidi kuliko uongo wowote ambao wangeweza kumzulia. Alimkumbuka mzee akishushwa kaburini katika sanduku la mbao nzuri, na mafundi hawahawa wakiwa wamevua kofia.

"Kila mtu akinunua yake," alisema Machogu, sauti ikiwa imeshuka, "ya chama itakodiwa na nani? Na sisi tutazikwa na nani?"

Banda zima lilinung'unika kukubali. Drusilla aliona jinsi walivyomgeukia, si kwa chuki, bali kwa hofu ya watu walioguswa mahali pa kufa kwao.

"Sijasema msikodishe," alisema. "Nunueni nzima, muikodishe hiyo. Pesa zipo."

"Zipo katika mfuko wa misiba. Mfuko wa misiba hauwezi kununua vifaa. Kifungu cha Tisa."

"Na mfuko wa vifaa?"

Machogu alimtazama Purity. Purity alifunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. "Mfuko wa vifaa uliunganishwa na mfuko wa misiba mwaka juzi," alisoma, "ili kurahisisha hesabu."

"Kwa hiyo," alisema Drusilla polepole, akilitafuna kila neno, "pesa za kubadilisha hiki chuma zipo, ila zitatoka siku kitakapokuwa kimemuua mmoja wetu. Na zitakapotoka zitanunua jeneza. Pula itabaki ileile, na atakayefuata ataikodi."

"Usitutishe kwa kifo, Mama Bravin," alisema Ochoki. "Hiyo ni ajenda ya nne."

"Sijaja kuwatisha. Nimekuja kuwauliza. Yuko mtu humu ndani anayeweza kulala chini ya gari Ijumaa hii na pula hiyo? Asimame tu. Asipokuwepo, niacheni na yangu na kibanda changu, na ada nitaendelea kuilipa kila wiki kama niliyekodi. Mfuko wenu hautapungua hata shilingi."

Hakuna aliyesimama. Wengine walitazama viatu vyao, wengine matairi. Lilikuwa pendekezo ambalo lingeweza kulimaliza jambo lote kabla ya chai, na Drusilla aliona katika uso wa Machogu kwamba alilielewa. Aliona pia kwamba kulielewa hakukumsaidia kitu, kwa maana halikuwa na kifungu.

Kamati Kuu, yaani Machogu, Ochoki na Purity, ilitoka nje kwenda kushauriana. Walikaa dakika arobaini. Drusilla alibaki amesimama na mkono wake juu ya pula yake mpya. Mara mbili mtu alimsogezea kiti na mara zote mbili alikikataa kwa kutikisa kichwa. Nje, Andrew Mose alikuwa ameegesha pikapu, akingoja kujua kama wiki ijayo angempata fundi pale au angekuta kibanda kimefungwa.

Kamati ilirudi. Purity alisimama, akalisafisha koo, akasoma bila kumtazama mtu:

"Kamati Kuu, baada ya kusikiliza kwa makini, inaamua kwamba mwanachama Drusilla Nyanchama hakuwa na nia mbaya, na kwamba nia njema si ruhusa. Uanachama wake na kibanda chake vitabaki chini ya uangalizi. Suala la ufa limekabidhiwa kamati ndogo ya watu watatu, itakayotoa taarifa katika Mkutano Mkuu wa Desemba. Hadi wakati huo pula ya chama itaendelea kutumika, na kila atakayeikodi anaombwa kuwa mwangalifu. Pula ya mwanachama aliyetajwa inatambuliwa kuwa mali yake halali, na itahifadhiwa katika stoo ya chama kuanzia leo. Mmiliki ataruhusiwa kuikodi kwa nusu ya ada, Jumatatu hadi Ijumaa, mwisho saa tisa alasiri."